MIGUU YA BULDOZA: NAMNA YA KUCHAGUA MNYORORO UNAODUMU

Somo limeandaliwa na kiongozi wa wanafunzi, darasa la sita, pamoja na wenzake wa atelie



Wengi wenu mtauliza: wanafunzi wana shauri gani na buldoza? Sisi hatuna hata baiskeli! Lakini mnakumbuka vizuri yaliyotupata mwaka jana. Kamati ya wazazi ilichanga pesa, ikakodi buldoza ya kusukuma mawe na mchanga uliojaa katika kijito kilicho nyuma ya shule, na kujenga tuta ili maji yasiingie tena mabwenini. Siku ya kwanza mashini ilifanya kazi, siku ya pili pia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mnyororo wa kushoto ulitoka. Mashini ikalala palepale katikati ya mawe, majuma matano, ikingoja vyuma. Mvua za Septemba zikaja, zikakuta tuta nusu. Nusu ile ilikwenda na maji, na maji yakaingia katika bweni la wasichana mpaka kwenye magodoro. Pesa za wazazi hazikurudi.

Basi mwaka huu kamati inataka kujaribu tena, na mwenye mashini ameleta mashauri matatu ambayo tutayasema mbele. Bwana Prefe alituruhusu sisi wa atelie tuende kuiangalia mashini kabla wazazi hawajatoa pesa. Tulikwenda mara tatu, tukiongozwa na fundi mzee aliyejifunza kazi upande wa Kigoma. Tunaandika hapa yale tuliyofundishwa na yale tuliyopima wenyewe.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili si dogo kwetu. Uvira imekaa kwenye ukanda mwembamba, mbele ni ziwa, nyuma ni milima ya Mitumba ambayo vilele vyake vinapita metri 3000, na ziwa lenyewe liko kwenye metri 770 hivi. Maji yanashuka kwa haraka sana, na hayashuki peke yake, yanashuka na mawe. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, watu wengi wakafa, na nyumba maelfu zikabomoka. Tangu siku hiyo kila mtu wa Uvira amejua kwamba mto uliojaa mchanga ni bunduki iliyojaa risasi. Tena upande wa chini ziwa nalo linapanda: mwaka 2024 lilifika katika nyumba za ukingoni na katika bandari ya Kalundu. Kazi ya kufukua mito inafanyika wakati wa kiangazi tu, Juni, Julai na Agosti. Mashini ikilala majuma matano katika miezi mitatu hiyo, hesabuni wenyewe kinachobaki.

Sasa tuingie katika somo.

Zamani mashini nzito zilikuwa na magurudumu. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwenye ziwa letu. Zilivutwa na trekta za mvuke zenye magurudumu ya chuma, pamoja na ng'ombe wengi, kupita milima hii hii ya Mitumba upande wa Katanga. Njiani walilazimika kujenga madaraja mengi kwa sababu ya uzito. Kumbe huko Marekani dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1904, karibu na mji wa Stockton katika California, Benjamin Holt alitoa magurudumu ya nyuma ya trekta yake ya mvuke iliyokuwa ikizama katika udongo laini, akaweka minyororo yenye mbao. Uzito uleule ukatandazwa juu ya eneo kubwa, na trekta haikuzama. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ile ya Best, ikawa Caterpillar Tractor, maana yake kiwavi. Anayetazama buldoza ikitambaa ataelewa jina hilo.

Lakini kile kinachoiokoa mashini isizame ndicho kinachokula pesa. Gurudumu la gari lina chuma kimoja kinachozunguka, lakini mnyororo mmoja wa buldoza ya ukubwa wa D6 una viungo kama 40, na kila kiungo kinapinda na kunyooka mchana kutwa ndani ya mchanga. Wanaofanya kazi hii wanasema kwamba miguu peke yake yaweza kula karibu nusu ya pesa zote za matengenezo katika maisha ya mashini. Si injini, si ile sahani kubwa ya mbele inayosukuma. Miguu!

Tutaje viungo vyake, maana tusipojua majina hatutaelewana. Ule unaozunguka ni mnyororo. Mbao za chuma zilizofungwa nje ya mnyororo kwa bolti, zinazokanyaga udongo, mafundi wa kwetu wanaziita patini kwa kufuata Kifaransa. Vigurudumu vidogo vya chini vinavyobeba uzito wa mashini ni galeti, na kuna galeti moja au mbili za juu zinazoshikilia mnyororo usilale. Nyuma kuna gurudumu la meno linalovuta, na mbele kuna gurudumu laini lisilo na meno, linalosukumwa mbele kwa grisi ili kukaza mnyororo. Ndani ya kila kiungo kuna pini, na pini imevishwa bomba fupi nene ambalo fundi wetu aliliita bushi. (Wenzetu Bashi walicheka sana. Fundi akasema, "Wanangu, hii si Bushi ya kwenu, hii haina ng'ombe.")

Mtu akisema "mnyororo umerefuka", msidhani kwamba chuma kimevutika kama mpira. Hapana. Pini inasaga ndani ya bushi, na bushi inasaga juu ya pini, mpaka nafasi inapatikana katikati. Katika kiungo kimoja nafasi hiyo ni ndogo, huioni kwa macho. Lakini piga hesabu: milimita 2 mara viungo 40 ni milimita 80. Mnyororo mzima umerefuka sentimita 8! Hapo meno ya gurudumu la nyuma hayaangukii tena pale yanapotakiwa kuanguka. Yanapanda juu ya bushi, yanaikwaruza, na siku moja mashini ikigeuka juu ya jiwe, mnyororo unatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu siku ya tatu ile.

Kupima si kazi ngumu. Katika mashini ya D6, toka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni milimita 203 mnyororo ukiwa mpya. Mnakaza mnyororo vizuri kwanza, halafu mnapima viungo vinne kwa pamoja, maana kosa la mkono linapungua. Kipya kitatoa milimita 812. Kila milimita inayozidi hapo ni chuma kilichokwisha kuliwa. Kila mashini ina kitabu chake kinachosema kikomo ni wapi, na mwenye mashini asiye na kitabu, mwombeni akitafute. Tulipima ule mnyororo uliotoka mwaka jana, ambao bado umelala pembeni ya njia. Viungo vinne vilitoa milimita 829. Fundi alitazama, akanyamaza, akatikisa kichwa. Mashini ile haikupaswa kuingia mtoni hata siku moja.

Sasa adui ni nani? Ni mchanga. Wanafunzi wa darasa la nne wanaweza kujaribu wenyewe: chukueni mchanga wa mtoni, ule wenye chembe nyeupe zinazong'aa, muusugue kati ya vipande viwili vya kioo. Kioo kitakwaruzika. Chembe zile ni kwatsi, nayo ni ngumu kuliko kioo, tena ni ngumu hata kuliko chuma kilichochomwa na kupozwa ili kiwe kigumu. Kwa hiyo msidanganywe na muuzaji anayesema chuma chake "hakiliwi". Kila chuma kinaliwa katika mchanga wetu. Swali ni kwa haraka gani, na sehemu gani inaanza.

Kiwanda kizuri kinafanya ngozi ya chuma kuwa ngumu na moyo wake kuwa mvumilivu, ili kisivunjike kikigonga jiwe. Ngozi ngumu ikikwisha kuliwa, kile kilichobaki kinakwenda haraka kama sabuni. Kiwanda kibaya kinafanya ngozi nyembamba, au hakifanyi kabisa. Fundi alitufundisha kutumia tupa: ukiivuta juu ya bushi nzuri, tupa inateleza na kulia; juu ya bushi laini, tupa inauma na kutoa unga. Tulijaribu, tukaona tofauti kwa masikio kabla ya macho. Lakini tupa haikuambii ngozi ina unene gani. Kwa hilo unabaki kutazama jina la kiwanda na namba iliyopigwa ndani ya chuma chenyewe, si ile iliyoandikwa kwa rangi.

Kuna minyororo ya namna mbili ambayo mtakutana nayo. Ile ya kale ni mikavu, pini na bushi zinasagana bila mafuta. Ile iliyoenea tangu miaka ya 1970 imefungwa kwa pete pembeni na ina mafuta ndani ya kila pini. Katika hii ya pili, kule ndani hakuliwi karibu chochote, mnyororo haurefuki haraka. Lakini bushi inaliwa nje, pale inapoguswa na meno. Dawa yake ipo: bushi ikifika nusu ya safari, unazitoa pini na bushi, unazigeuza nusu duara, upande usioliwa unatazama meno, unarudishia. Ukichelewa, bushi inapasuka, mafuta yanatoka, na mnyororo wa bei kubwa unakuwa mkavu kama ule wa kale. Kwa hiyo anayenunua mnyororo wa mafuta bila fundi wa kugeuza bushi kwa wakati, amenunua nusu.

Namna ya kujua kiungo kilichokauka: mashini ikisimama jioni, dondosha maji kidogo juu ya kichwa cha kila pini. Pini moja ikitoa mvuke na wenzake wametulia, hiyo haina mafuta. Msitumie kidole. Mmoja wetu alitumia, na juma zima hakuandika.

Habari ya patini ndiyo iliyotushangaza zaidi. Sisi sote tulidhani patini pana ndiyo bora, maana inakanyaga vizuri. Fundi akasema, "Pana ni kwa matope." Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, kule Luberizi na Kiringye, mashini bila patini pana itazama. Lakini juu ya mawe ya mto, patini pana inakanyaga jiwe kwa ncha ya pembeni, na ncha ile inakuwa kama mkono wa spana: inapinda, inalegeza bolti, inapotosha kiungo, inafungua pete na kumwaga mafuta. Kanuni ni kuchukua patini nyembamba kabisa ambayo bado haikuzamishi. Kwa kijito chetu, patini nyembamba na nene, yenye ukuta mmoja wa kushika ardhi. Tulipoitazama mashini ya mwaka jana tulikuta patini pana za matope, na kwenye patini nne bolti mbili mbili hazipo. Ilitoka bondeni, ikaletwa mawe bila kubadilishwa viatu. Je, mtu anaweza kwenda kucheza mpira na mabuti ya mvua?

Galeti tupitie haraka. Tazama kama zinavuja mafuta, kama zimeliwa upande mmoja, kama zote zinazunguka. Galeti moja isiyozunguka inasaga mnyororo mpya kama jiwe la kunolea kisu. Gurudumu la meno nalo: meno yakiwa yamechongoka kama ya mamba, usimwekee mnyororo mpya. Mpya na mzee havipatani, umbali wao si mmoja, na ndani ya muda mfupi mpya unafanana na mzee. Mwenye mashini anayesema "nitabadilisha mnyororo, meno yatangoja mwaka ujao" anajiibia mwenyewe.

Tena kuna dereva. Hapa tunaomba kamati isikilize sana, maana mnyororo mzuri kwa dereva mbaya haufiki mbali. Kukaza kupita kiasi ni kosa la kwanza: pini na bushi zinabanana hata mashini isiposukuma kitu. Weka chuma kilichonyooka juu ya mnyororo, toka gurudumu la mbele hadi galeti ya juu, upime katikati umeshuka kiasi gani. Kwa mashini nyingi za ukubwa huu ni kama sentimita 4 hadi 6, kitabu kitasema. Upime mashini ikiwa na uchafu wa kazi yake, si baada ya kuoshwa, maana mchanga ukijaa kwenye meno unakaza mnyororo wenyewe. Kosa la pili ni kurudi nyuma kwa mbio. Mashini inapokwenda mbele, bushi inakaa katika jino bila kusuguana sana. Inapovuta kwa kurudi nyuma, bushi inazunguka ndani ya jino kwa nguvu. Dereva wa kiangazi kilichopita alikuwa akisukuma polepole na kurudi kama anafukuzwa na nyuki, na watoto wa mtaa walikuwa wanampigia makofi. Hata sisi tulipiga, tunakiri. Kosa la tatu ni kugeuka upande mmoja kila mara. Na jioni lazima koleo ipite kutoa mchanga, kabla haujakauka ukawa saruji.

Sasa mashauri matatu ya mwenye mashini. Anasema: wazazi wamsaidie pesa za mnyororo mapema, naye atazikata katika malipo ya kazi. La kwanza ni mnyororo uliotumika, uliotolewa katika mashini nyingine. La pili ni mpya mkavu, bei ya katikati, hauna jina la kiwanda. La tatu ni mpya wa mafuta, wenye patini nyembamba, bei yake kubwa.

Tulibishana siku mbili. Wengi wetu tulikimbilia ule wa tatu, kwa kuwa tumesoma sasa tunajua! Lakini mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha: sisi tunanunua nini, mnyororo au saa za kazi? Kazi ya kijito ni kama siku 25, saa 8 kila siku, yaani saa 200. Mnyororo mzuri unaishi maelfu ya saa katika udongo laini, na hata mchanga wetu ukiupunguza nusu, saa 200 ni kipande kidogo cha maisha yake. Wazazi wakilipia ule wa tatu kwa ajili ya kiangazi kimoja, wanamnunulia mwenye mashini miguu ya miaka mingi. Anayefaidi kudumu kwake si sisi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na kamati iko huru kuyakataa. Ule wa pili, mkavu usio na jina, tunaukataa kabisa: tupa iliuma bushi zake tatu kati ya nne tulizojaribu. Ule uliotumika tuliupima, viungo vinne vilitoa milimita 816, na tupa iliteleza. Ungetosha kwa kiangazi kimoja, kwa sharti kwamba galeti mbili zinazovuja zibadilishwe, gurudumu la meno libadilishwe, na zile patini pana zitolewe. Lakini mchanga unashuka mlimani kila mwaka, na kijito kitajaa tena mwaka ujao, na mwaka wa pili. Kama mwenye mashini atakubali kuandika karatasi kwamba pesa za wazazi zinanunua siku za kazi kwa viangazi vitatu, mashini ije mwezi wa Juni na si Agosti, hapo ule wa tatu ndio wetu, na bei yake ikigawanywa kwa saa zote itakuwa ndogo kuliko ya ule uliotumika. Bila karatasi hiyo, tuchukue uliotumika.

Mzazi mmoja alituambia kwamba watoto hawapimi mashini ya mtu mzima. Tulimjibu kwa heshima: "Papa, sisi hatukumpima mtu, tulipima chuma." Alicheka, akaomba aone ile tupa.

Kamati itakaa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wanaotaka kuhakikisha vipimo vyetu waje Alhamisi saa tisa mbele ya atelie. Metri na tupa viko kwa mlinzi wa vyombo, na fundi ameahidi kufika ikiwa mvua haitanyesha. Leteni na kitambaa kikavu cha kufutia grisi, cha mwaka jana kimeoza.